Gari Gumu, Mfupa Mbichi

Watu wa Kizwite, mtaa wetu wa Sumbawanga, wakilikumbuka gari lile wanakumbuka rangi yake. Mimi nakumbuka makalio yangu. Mnisamehe, lakini nimeamua kuandika kama ilivyokuwa, na ilianzia hapo, kwenye kiti cha nyuma, siku mume wangu aliponipandisha na kunizungusha mjini ili watu waone. Kutoka kwetu mpaka sokoni ni mwendo wa kumaliza karanga za kiganja kimoja. Niliposhuka nilikuwa natembea kama bibi aliyetoka kuvuna ulezi siku nzima.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vilivyokuwa vimefungwa vilifunguliwa kwa mkupuo mmoja. Mume wangu alikuwa utingo wa lori la ushirika, baadaye dereva wake, na ushirika ulipokufa akaanza kununua mahindi mwenyewe Laela na kuyapeleka Tunduma. Alipata. Mwaka wa tatu akashuka Dar es Salaam na basi, akarudi anaendesha.

Lilikuwa saluni, gari dogo la milango minne, la Kijapani, lakini si la familia. Lilikuwa la vijana wa mbio. Mtu fulani huko lilikotoka, sijui nani, alikuwa amezikata springi gari likalala chini kama paka anayenyemelea panya. Alikuwa amelifunga shokapu ngumu na kulivisha matairi mapana yenye ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali. Kwenye lami ya kwao nadhani liliteleza. Kwetu lami ilikuwa kipande cha katikati ya mji, na hicho nacho kilikuwa na mashimo. Kwingine kote ni changarawe, na changarawe ikipitwa na malori ya mahindi msimu mzima hujikunja kama bati la kuezekea. Kila mkunjo ulipita kwenye tairi, ukapita kwenye springi bila kuaga, ukaingia mgongoni mwangu.

"Gumu," nilimwambia.

"La michezo hilo," akasema. "Gari la michezo lazima uisikie barabara."

"Nimeisikia."

Alicheka. Alikuwa na haki ya kucheka siku ile, bado mtoto alikuwa mzima.

Wiki mbili baadaye binti yangu alianguka. Alikuwa na miaka minne, ndiye mtoto wetu pekee, ingawa baba yake alikuwa akiniita mama watoto kana kwamba wako kumi. Alipanda juu ya magunia ya mahindi yaliyopangwa barazani mpaka karibu na dari, nami niko nyuma ya nyumba nafua. Nilisikia kishindo, nikanyamaza kusubiri kilio, na kilio kilichelewa. Wenye watoto wanajua maana ya kilio kuchelewa.

Ulikuwa mfupa wa paja. Hospitali walimfunga plasta kutoka kiunoni mpaka vidoleni, lile wanaloliita hogo, akawa kama mwanasesere wa udongo, mguu mmoja wa kwake na mmoja wa chokaa. Baada ya wiki tatu walimpiga picha tena. Daktari aliiinua dirishani, akaitazama sana, kisha akanitazama mimi.

"Mama, unaanza kushika," alisema, "lakini umeanza kushika vibaya. Ncha hizi mbili zinatazamana kwa mbali. Mbeya kuna daktari wa mifupa, atamnyoosha. Ila aende sasa, mfupa ukiwa bado mbichi. Ukikauka hivi, umekauka."

"Na akienda?"

"Akienda, asirushwe. Akirushwarushwa, ncha hii itapanda juu ya hii, na mguu utakuwa mfupi."

Aliniandikia barua ya kwenda nayo pamoja na picha, na siku ya kufika, Jumatatu ya wiki iliyofuata. Gari la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Basi la Mbeya nililijua. Kiti cha nyuma cha basi lile kiliwahi kuning'oa jino lililokuwa limelegea. Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni, mguu wa chokaa umechomoza pembeni kama mpini wa jembe, nikamwambia mume wangu maneno ya daktari neno kwa neno.

"Si tuna gari," akasema.

"Lile?"

"Sasa unataka lipi?"

Nilitaka lipi. Nilitaka kitanda chenye magurudumu. Nilimwambia kama ni lile basi lilainishwe kwanza, na kama halilainiki nitambeba mgongoni kwa miguu mpaka Mbeya. Alidhani natania. Tulikuwa na siku nane.

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Sikufaulu kwenda mbele, nikaolewa, na elimu yangu yote iliishia kusoma barua za majirani. Lakini fizikia niliipenda. Nilikaa usiku mmoja tu wa hofu, asubuhi nikaamka na hasira, na hasira yangu ikiamka huwa inafanya kazi. Nikachukua bakuli la bati, nikalijaza maji mpaka kidole kimoja chini ya mdomo, nikaliweka kwenye kiti cha nyuma pale ambapo mtoto angelala, nikamwambia mume wangu aendeshe hadi mnadani na kurudi. Tulipofika mnadani bakuli lilikuwa na maji ya kunawa uso wa paka. Kiti kilikuwa kimelowa.

"Hayo maji ndiyo mwanao," nilimwambia.

Hapo akachukua kitambaa, akakausha kiti. Alimpenda mtoto. Hilo siwezi kumnyang'anya, hata leo ninapotamani kumnyang'anya kila kitu.

Tulianzia kwenye matairi. Karibu na stendi kulikuwa na fundi wa pancha, rafiki yake tangu enzi za ushirika. Wateja wake wote walikuwa malori. Alikuwa akijaza upepo mpaka tairi ikome, halafu anaipiga kwa nondo na kutega sikio, nondo ikirudi juu yenyewe anasema imeiva. Geji alikuwa nayo, ameitundika ukutani kama picha ya harusi. Gari letu alikuwa amelijaza kwa nondo.

"Shikamoo shemeji," nilimwambia. "Hebu nipimie."

"Marahaba. Nipime nini, shem? Hizo nimejaza mwenyewe. Hata ukipita juu ya msumari, msumari ndio utaomba radhi."

"Pima tu."

Aliipangusa geji vumbi kwa shati. Ikasoma juu ya sitini. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mlango wa dereva na kukagua kila mahali, nikakuta kibandiko kwenye fremu, maandishi ya kwao kama nyayo za kuku, lakini tarakimu ni tarakimu. Mbili nukta mbili. Fundi alicheka, akasema kwa upepo wa mbili gari halitoki hata stendi. Nikamwambia hizo ni kilo, si paundi. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kilo moja kwenye sentimita moja ya mraba ni paundi kumi na nne na kidogo kwenye inchi moja ya mraba. Nikazidisha kwa kijiti chini kwenye vumbi, watu wamesimama. Thelathini na moja.

"Shemeji, hiyo ni aibu," fundi alisema. "Gari la mfanyabiashara litembee limelegea kama limeugua?"

"Toa upepo."

Alimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Toa, bwana. Mama watoto kasoma."

Watu wakacheka. Upepo ukatoka ukipiga filimbi, moja baada ya nyingine, zote nne. Nikataka kushusha zaidi, hata ishirini, fundi akanizuia, na hapo alikuwa na akili kuliko mimi. Tairi ya ubavu mwembamba ukiitoa upepo sana, jiwe la kwanza litaibana kwenye rimu na kuikata. Tukaacha kwenye thelathini na moja. Tukaenda tena mnadani na bakuli, na safari hii yalibaki maji zaidi ya nusu. Ile mikunjo midogo ilikuwa imekufa. Gari lilikuwa bado linaruka kwenye mashimo, lakini ile ngurumo ya mfululizo inayotetemesha meno haikuwepo.

Siku ile nilikuwa na furaha. Naiandika ili ijulikane kwamba ilikuwepo. Nilipika ugali na dagaa wa Kirando, nikamlisha mtoto amelala chali, nikamwambia, "Utasafiri kama malkia."

Zikabaki springi. Springi nyingine hazikupatikana Sumbawanga kwa gari la namna ile. Mume wangu aliuliza kote, akaagiza kwa dereva wa basi, jibu likarudi kwamba Mbeya zipo, ila Sumbawanga labda baada ya wiki mbili. Hatukuwa na wiki mbili. Jumapili asubuhi, siku ya kuondoka, nilitoka nje nimembeba mtoto kwenye blanketi nikakuta buti iko wazi, anapakia gunia la pili la mahindi.

"Unapeleka biashara?" nilimuuliza. Niliuliza taratibu, nikijua kwamba akijibu ndiyo nitamrukia.

"Biashara gani. Ninalilainisha."

Akanieleza, na msomaji asiyetoka Ufipa inabidi naye nimweleze, la sivyo atamwona mume wangu mpumbavu. Kwetu kila mtu anajua kwamba gari tupu ni gumu na gari lililobeba ni laini. Tumekua juu ya malori. Lori likirudi tupu kutoka Tunduma linakurusha mpaka unauma ulimi. Likienda limejaa magunia mpaka juu, unalala juu yake kama uko kwa mama yako. Mjamzito akisimama barabarani kuomba lifti, swali lake la kwanza kwa utingo si linaenda wapi. Anauliza, "Limebeba?" Wakimwambia tupu, anarudi kivulini kusubiri jingine.

"Gari tupu ni kama mtu mwenye njaa," mume wangu alisema. "Lishibishe, litatulia."

Niliitazama springi ya nyuma kwa kuchungulia juu ya gurudumu. Nikakumbuka kidato cha tatu. Tulikariri sheria ya springi kwa Kiingereza kama sala, darasa zima kwa sauti moja: uzito ukiongezeka, springi inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Nikaona inaingia akilini. Springi iliyobanwa tayari haina ukali wa kurusha. Nikasema tujaribu. Nikamrudisha mtoto kwa jirani, nikaleta bakuli langu, tukazunguka mjini mwendo wa pole mpaka kanisani na kurudi. Maji yaliyumba tu, hayakumwagika hata tone. Gari liliinuka na kushuka taratibu, kama mtu anayepumua usingizini.

Mume wangu alizima injini, akasubiri niseme.

"Magunia yabaki," nilisema.

Ni mimi niliyesema. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi, na kila mara nilianzia kwenye magunia yake nikaishia kwenye upumbavu wake, kana kwamba mimi nilikuwa nimefungwa mdomo kwa kitambaa. Sikuwa nimefungwa. Nilijaribu kwa bakuli, nikaridhika, nikasema yabaki.

Tuliondoka jua limeanza kupasha. Ilikuwa miezi ya baridi, upepo wa Ufipa ule unaopita kwenye sweta kama haulioni. Mtoto nilimlaza mapajani, kichwa mkono wa kushoto, hogo limenyooka kwenye kiti, nimelizungushia vitenge vitatu. Alikuwa anaimba. Nje ya mji mashamba yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua na yale matuta ya mviringo ya nyasi zilizofukiwa, na barabara ilikuwa na vumbi zito kama unga.

Shimo la kwanza la kweli lilikuwa baada ya daraja dogo. Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Gari lilishuka kwa upole, likashuka tena, halafu chini yetu kitu kikagonga. Gu. Haikuwa sauti ya tairi wala ya jiwe. Ilikuwa kama mtu amelala chini ya kiti na nyundo ya kilo tano, akapiga mara moja kwa nguvu zake zote. Pigo lilipita kwenye kiti, likapita kwenye paja langu, na mtoto akaacha kuimba.

"Nini hiyo?" nilisema.

"Shimo."

"Si shimo. Kuna kitu kimegonga."

"Ni shimo, mama watoto. Nitayakwepa."

Huwezi kuyakwepa mashimo ya njia ya Laela. Ukikwepa hili umeingia lile. La pili likagonga, mtoto akalia. La tatu akapiga kelele moja ndefu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto wala kwa mnyama. Nikamwambia asimame. Akasimama. Vumbi letu wenyewe likatufikia na kutupita.

"Toa magunia," nilisema.

"Si tulijaribu? Si uliona mwenyewe kwa bakuli lako?"

"Toa."

"Nitoe niyaweke wapi, hapa porini? Halafu likiwa tupu likimrusha zaidi, utasema nini? Tulikotoka ulikubali."

Hapo ndipo palipoamuliwa mguu wa mwanangu, na aliyetakiwa kuamua ni mimi. Alikuwa amesimama nje ameinamia dirisha langu, macho mekundu kwa vumbi na kwa hofu. Hakuwa akibishana kwa kiburi. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amekwisha kuniweka mwalimu, tangu siku ya hesabu kwenye vumbi la stendi. Nilijua bakuli halikumwagika, na nilijua kitu kinagonga, sikuweza kuvikutanisha viwili hivyo. Ningeweza kushuka nikayavuta magunia yale kwa meno. Badala yake nilisema, "Basi nenda taratibu. Tutauliza Laela."

Tulikwenda taratibu. Kundi la ng'ombe wa Wasukuma lilitupita, mchungaji akatuangalia kwa huruma akidhani gari bovu. Na bado, kila baada ya muda, nyundo. Nilijaribu kumwinua mtoto asiguse kiti, nikambeba hewani kwa mikono miwili mpaka mikono ikafa ganzi, na kila nyundo ilipopiga nilikuwa nimemshusha kidogo. Kabla ya Laela aliacha kulia. Baba yake alisema amelala. Macho yake yalikuwa wazi.

Laela kando ya barabara palikuwa na mzee mmoja fundi, yuko chini ya lori la mahindi, miguu tu inaonekana. Mume wangu alimwamkia, akamweleza. Mzee akatoka, akafuta mikono, hakugusa chochote. Aliinama nyuma ya gari akatazama kwa muda wa kusema Baba Yetu. Kisha akaingiza kidole kati ya chuma na chuma, akatuonyesha hakipiti.

"Nani kawaambia saluni ni lori?" aliuliza.

"Tulilijaza ili lilainike, mzee."

"Lori lina vyuma kumi vimepangana, na nafasi ya kushuka kama urefu wa mkono. Hii imekatwa springi. Nafasi yake ilikuwa vidole viwili, na ninyi mmeijaza kwa mahindi. Imelala juu ya mpira wa kuzuia, na mpira wenyewe umeisha. Kwenye njia laini itawadanganya, inanesanesa. Kwenye shimo hakuna springi tena. Hapo mmekaa juu ya chuma."

Mradi kikomo kisivukwe. Ndivyo sheria inavyomalizika. Uzito ukiongezeka, springi inaongezeka kwa kiasi hicho hicho, mradi kikomo kisivukwe. Tulikuwa tunaisema darasani na sehemu ya mwisho sauti inashuka, kama watu wanavyomezea amina wakitaka kutoka kanisani. Nilisimama pale Laela nikaisikia yote.

Mzee alizunguka, akabonyeza tairi kwa goti. "Upepo nani kapima?"

"Mimi," nilisema.

"Umepima vizuri, mwanangu. Hapo umefanya vizuri sana."

Afadhali angenipiga kibao.

Magunia tuliyaacha palepale, sikumbuki hata kwa nani. Gari likainuka. Kutoka Laela mpaka Tunduma halikugonga tena. Liliruka kidogo, likatikisa kidogo, ugumu wake wa kawaida, ugumu ambao ningeuchukua kwa magoti kutoka Sumbawanga kama ningejua. Mtoto hakuimba. Nilimgusa juu ya hogo, kiunoni, plasta ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ngozi ilikuwa ya moto.

Mbeya tulifika na barua yetu Jumatatu kama tulivyoagizwa. Daktari wa mifupa alikuwa na mikono mizito na sauti ndogo. Aliweka picha mbili pamoja, ya kwetu na ya kwake. Hata mimi niliona. Kwenye ya kwetu mifupa ilikuwa inatazamana. Kwenye ya kwake mmoja ulikuwa umepanda juu ya mwenzake kama jogoo.

"Ni njia?" nilimuuliza. "Ni gari?"

"Siwezi kusema. Pengine ulianza kupanda hata kabla."

"Sema tu, daktari."

"Mama, siwezi kusema kitu nisichokijua."

Mpaka leo hakuna aliyesema. Ningependa mtu mmoja aseme, hata kama anasema ni mimi. Lakini kila mmoja amekuwa mpole kwangu, na upole wao umeniacha na shimo ambalo usiku na mchana nalijaza kwa kumtukana mume wangu.

Walimvuta mguu kwa kamba na vyuma vya uzito vilivyoning'inia mwisho wa kitanda. Wiki zikapita, nalala chini ya kitanda chake kwenye mkeka. Mama wa kitanda cha pili alikuwa anatoka Kyela, alinifundisha kufuma, nikafuma kitu kisicho na umbo. Mume wangu alikuwa anakuja kila alipoweza, anakaa, anamshika mtoto vidole vya mguu, ananitazama, simtazami. Siku moja alikuja amechangamka. Alitaka nitoke nje mara moja tu.

Gari lilikuwa limesimama juu. Alikuwa amelitafutia springi ndefu za saluni ya kawaida, shokapu za kawaida, na matairi ya ubavu mnene kama mkate. Alikuwa amenunua na geji yake mwenyewe. Akaweka mikono miwili juu ya bampa, akabonyeza, gari likashuka, likapanda mara moja, likatulia.

"Umeona?" alisema. "Halirudii mara mbili. Bonyeza na wewe. Thelathini na moja zote nne, nimepima asubuhi likiwa baridi. Matairi yakipoa ndiyo unapima, ulikuwa unajua?"

Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kulipa kitu. Nilisema, "Umemlainishia nani?"

Mikono yake ilibaki juu ya bampa. Mimi nilirudi wodini.

Walipotoa vyuma mfupa ulikuwa umekauka. Daktari alisema walivuta walichoweza, kwamba mtoto bado anakua, kwamba wakati mwingine mguu hufidia na wakati mwingine haufidii. Tulirudi nyumbani na gari lile. Sikuwa na namna nyingine. Nasema kweli, lilikuwa laini. Njia ile ile, mashimo yale yale, na mtoto alilala kutoka Tunduma mpaka tunaingia mjini, kichwa chake mapajani kwangu hakikutikisika. Nilikaa nalichukia kila shimo tulilopita bila kulisikia. Mara mbili nilimwona baba yake kwenye kioo anafuta uso kwa mkono wa shati. Sikumwambia neno. Nilikuwa nalo, nikalizuia, kwa sababu lilikuwa la kumfariji na nilikuwa na hasira nalo pia.

Asubuhi ya pili nilimsimamisha mtoto sebuleni ajaribu kutembea, baba yake amechuchumaa upande wa pili wa chumba, amenyoosha mikono ampokee. Sakafu yetu ni ya saruji, aliisawazisha mwenyewe kwa pima maji mwaka tulioingia. Mtoto akapiga hatua ya kwanza, akaegemea upande. Akapiga ya pili, akasimama. Akatazama chini, mguu huu, halafu ule. Kisigino kimoja kilikuwa kimegusa saruji na kingine kilikuwa hewani.

"Mama," alisema, "sakafu yetu imeinama."

Nilimtazama mume wangu. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka.

"Imeinama kidogo," nilimwambia mtoto. "Njoo hivyo hivyo."